Ngoma: kutoka ukoo mpaka chuo

Huku kwetu Fizi na Baraka, wazazi wetu hawakujifunza ngoma kwa daftari. Kijana alikaa nyuma ya wazee kwenye sherehe, akapiga ile ndogo, akikosea anaangaliwa tu kwa jicho, anaelewa.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, walishika njia nyingine. Mwaka 1981 kilifunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Pale Msukuma anaweza kufundishwa sindimba ya Wamakonde, na msichana vilevile anashika ngoma. Si jambo dogo hilo: jirani zetu wa Burundi, kwa amri ya 2017, waliwakataza wanawake kupiga ngoma ya wafalme.

Lakini chuoni ngoma inapoteza saa yake. Mdundo wa tohara utapigwa Jumatatu asubuhi, na kengele ikilia, basi.

Kwetu vita ya 1996 ilivusha familia nyingi za Babembe mpaka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Bazee wengine walizikwa kule. Sasa kijana aliyezaliwa kambini akae nyuma ya nani? Kwa hiyo, pamoja na mashaka yangu, shule ya ngoma ije Baraka, ila mwalimu awe muzee wa kijiji, hata kama hana diploma.