Kisiki cha Unyanyembe

Mgeni afikaye Tabora aghalabu huonyeshwa miembe, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo kumbukumbu ya misafara ya pembe. Maneno hayo si ya uongo. Mwembe uliingia bara pamoja na watu wa pwani, na Burton na Speke walipowasili Kaze mwezi wa Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wamekwisha kufanya maskani. Lakini mimi namwona shahidi mwingine, naye ni kisiki cha mtundu, ambacho hakuna akitazamaye.

Mtundu, kama jamii yote ya miyombo, ukikatwa haufi. Mizizi husalia hai ardhini, na kisikini hutoka machipukizi mengi. Kwa hiyo kijiti chembamba kama fimbo chaweza kuwa kimesimama juu ya mizizi iliyokuwapo zama za Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Apimaye umri kwa unene wa shina hukosea sana.

Wajapani huchimba kisiki kikongwe, wakakitia chunguni na kukipogoa miaka mingi. Hapa chungu hakihitajiwi: yatosha kuyapunguza machipukizi, kuyaacha mawili matatu yaliyonyooka, na kuuzuia moto wa mwisho wa kiangazi.

Shoka la msafara liliacha kisiki. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, ulileta Urambo mitambo ya kung'oa hata mizizi. Ikafuata tumbaku, ikaushwayo kwa kuni za miyombo hiyo hiyo. Na machipukizi yakikatwa tena na tena kabla ya kukomaa, mizizi nayo huchoka.