Admini ya Django: kutoka chumba cha habari hadi kituo cha chai

Leo tuzungumze historia kidogo. Nimeichagua hii kwa sababu kutoijua kuliniponza.

Miaka michache iliyopita, kikundi kidogo cha wakulima wa majani chai huku kwetu Bomet kiliniomba programu ya kuweka kilo za kila mkulima. Kwa jioni moja nikawasha admini ya Django, nikabadilisha kichwa cha ukurasa, nikapanga safu za jina, tarehe na kilo. Ili kumrahisishia karani, nikatumia list_editable, aandike kilo papo hapo kwenye orodha. Nikajiona bingwa!

Mwisho wa mwezi mama mmoja akaja na risiti zake.

"Kijana wangu, karatasi inasema kilo 14, mashine yako inasema 4. Kumi zimeenda wapi?"

Kumbe karani, akirekebisha mstari wa mtu mwingine, alifuta tarakimu moja bila kujua. Historia ya admini ilituonyesha kwamba kilo zilibadilishwa, lakini haikutunza namba ya zamani. Bila risiti ile, mama angepoteza haki yake.

Nikajiuliza, mbona admini inamwamini mtu hivi? Jibu liko Lawrence, mji wa Kansas, Marekani. Mwaka 2003, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World. Makataa ya gazeti hayangoji, na waandishi wa habari walihitaji mahali pa kuingiza habari bila kumsumbua programa. Admini ilizaliwa kwa ajili ya watu hao: wachache, wanaoaminiana, na habari yenye kosa husahihishwa tu. Django ikatolewa kwa umma Julai 2005.

Mwanzoni mipangilio ya admini iliandikwa ndani ya modeli yenyewe, data na sura yake zimefungwa pamoja. Mwaka 2008, kabla ya toleo 1.0 la Septemba, kazi iliyoitwa newforms-admin ilivitenganisha. Ndipo tukapata ModelAdmin na faili la admin.py tunalolizoea. Tangu hapo ukaweza kubadilisha admini bila kuigusa modeli.

Halafu angalia mfuatano. list_editable ilikuja na toleo 1.1 mwaka 2009. Mwaka 2010, toleo 1.2 likaleta readonly_fields, yaani kisanduku kinachosomwa tu. Ruhusa ya kutazama bila kubadilisha ilisubiri hadi toleo 2.1, mwaka 2018. Kuandika kulitangulia, kufunga kukafuata polepole. Dawa ya kosa langu ilikuwapo zamani. Mimi nilichukua kilicho rahisi.

Basi nikaondoa list_editable. Kwa get_readonly_fields, rekodi mpya huandikwa kilo, lakini ikishahifadhiwa, kilo hazigusiki. Kukiwa na kosa, karani anaongeza mstari mpya wa marekebisho, wenye sababu na jina lake. Hata makarani wa daftari hawakufuta: walipiga mstari juu ya namba, wakaandika mpya kando, wakatia sahihi.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kupamba admini kwa rangi na nembo, jiulize kwanza: nani ataumia namba hii ikibadilika? Kisha ndipo ufungue admin.py.