Mjerumani aliporudi na roketi



Sisi wa Chuno tunamjua Mjerumani kwa boma lake la Mikindani, la mwaka 1895. Yule alikuja na bunduki. Miaka 80 baadaye wakaja Afrika Wajerumani wengine, wakapewa ardhi bila kufyatua risasi hata moja. Walikuja na karatasi.

Kampuni iliitwa OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser. Mwaka 1976 Mobutu aliipa sehemu ya Shaba, yaani Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: kilomita za mraba 100,000, hadi mwaka 2000. Pigeni hesabu, mkoa wetu wa Mtwara unaingia humo karibu mara sita! Na haikuwa nyika tupu. Kulikuwa na vijiji, na Kiswahili kinazungumzwa kule kama huku. Mkataba ulisema kampuni ikihitaji, wenyeji waondolewe. Ardhi ya watu ni amana, ndugu zangu. Nani aliwauliza wenyewe?

Kayser alisema anataka kurusha setilaiti kwa bei nafuu. Kweli roketi yake ilikuwa ya ajabu: mabomba yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, valvu zake zikiendeshwa na mota za waipa za gari. Fundi wa gereji angeielewa! Lakini mwenyekiti wa bodi alikuwa Kurt Debus. Huyu alifanya kazi Peenemünde, kituo cha majaribio cha jeshi la Hitler, yalikotoka makombora ya V-2 yaliyoipiga London, kisha akaongoza kituo cha roketi cha Wamarekani kule Florida. Wasovieti wakapiga kelele: hizi ni silaha, na Ujerumani Magharibi imejifunga tangu 1954 isiunde makombora ya masafa marefu. Ushahidi haukuletwa, nasi tusimsingizie mtu. Ila chombo kinachoweza kubeba setilaiti kinaweza kubeba na bomu. Majirani walikuwa na haki ya kuogopa.

Tarehe 17 Mei 1977 roketi ya kwanza ilipaa. Juni 1978 Mobutu akaja mwenyewe kutazama, ikapinda mbele ya macho yake, ikaanguka. Aprili 1979, shinikizo lilipozidi, akafunga kituo. Ardhi ikarudi kwa neno la yule yule aliyeitoa, na kampuni ikahamia jangwa la Sabha, Libya, kwa Gaddafi.