Safari za ghafla Kisumu: Kutoka daraja la tatu hadi tikiti ya simu

Mamboleo, pale barabara ya Kisumu–Kakamega inapoachana na ile ya kwenda Miwani, Chemelil na Muhoroni, safari bado huamuliwa kando ya lami. Makanga anaita, "Chavakali wawili! Wawili tu twende!" Mama aliyekuja kutafuta mboga anakumbuka kwamba hajamwona dadake tangu Pasaka. Anauliza nauli, anapunguziwa, anapanda na kikapu chake. Hakuna aliyemwuliza jina wala nambari ya kitambulisho. Asubuhi alipotoka nyumbani, yeye mwenyewe hakujua kwamba angesafiri.

Si mbali na hapo, mambo ni tofauti. Uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, uliojengwa katika eneo la maonyesho ya kilimo la Mamboleo, ulipokea sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021. Kwa kuwa Covid-19 ilikuwa bado inasumbua, walioruhusiwa kuingia walikuwa wageni waalikwa wapatao 3,000. Wenyeji wa Mamboleo, waliouona uwanja huo ukiinuka tofali kwa tofali, wengi wao waliisikiliza sherehe redioni.

Mambo haya mawili, gari lisilouliza jina na lango lisilofunguka bila jina, yamekuwa yakivutana katika historia ya Kisumu tangu mji wenyewe uanze. Siku hizi lango ndilo linaloshinda. Kubuku mapema, jambo lililokuwa la watu wachache, sasa ni sharti la basi, treni, mbuga na mpira.

Waliobuku na waliojipanga dirishani

Reli ya Uganda ilifika ukingo wa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, mahali Waingereza walipopaita Port Florence. Treni ilipokelewa na meli. William Mackinnon ilikuwa imekwisha kuingia majini, Winifred na Sybil zikafuata muda mfupi baadaye. Vipande vyake viliundwa Uingereza, vikasafirishwa hadi hapa na kuunganishwa Kisumu. Kwa njia hiyo kijiji cha wavuvi na soko la kubadilishana mali kikawa njia panda ya Afrika Mashariki.

Abiria walipangwa kwa madaraja. La kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili likajaa Wahindi, na la tatu likaachiwa Waafrika. Abiria wa madaraja ya juu aliwekewa kitanda chake siku nyingi kabla, na jina lake likaandikwa. Wa daraja la tatu alifika stesheni na mzigo wake, akapanga foleni dirishani, akakata tikiti, kisha akajitafutia pa kukaa kati ya magunia na kuku. Hakuna aliyemwekea nafasi, na pia hakuna aliyemdai apange safari mapema.

Kubuku, basi, kulianzia hapa Kisumu kama heshima ya wachache. Walio wengi walisafiri kwa kubahatisha. Hata meli zilizozunguka ghuba kwenda Kendu Bay, Homa Bay na Asembo zilijaa watu waliosikia honi ndipo wakaharakisha kwenda gatini.

Hata hivyo, tusiwapambe wakoloni kwa uhuru ambao hawakuutoa. Kuanzia mwaka wa 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande, cheti kilichotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Aliyeajiriwa hakuweza kuondoka kazini mpaka mwajiri atie sahihi, na aliyeondoka bila sahihi hiyo alihesabiwa mhalifu. Kibarua wa mashamba ya miwa au wa bandarini aliyepata habari za msiba nyumbani hakuweza tu kufunga safari. Kwake yeye, kuondoka ghafla kulikuwa kosa la jinai.

Ndiyo maana tarehe 23 Desemba 1921, maelfu ya watu walipokusanyika Lundha, Gem, katika mkutano unaokumbukwa kwa jina la Piny Owacho, kipande kilikuwa kati ya malalamiko makuu, pamoja na kodi ya nyumba, kazi za lazima na hatua ya kuigeuza nchi kuwa koloni. Kutoka humo kikapata nguvu chama cha Young Kavirondo Association chini ya Jonathan Okwiri. Kipande kilikuja kufutwa mwaka wa 1947. Haki ya kuamka na kwenda unakotaka, bila kumwomba mtu ruhusa, ilipiganiwa kando ya ziwa hili.

Gari likijaa, twende

Miaka iliyofuata uhuru ndiyo iliyoipa haki hiyo magurudumu. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni za uchukuzi zilizohitajika hapo awali, na magari yakaongezeka. Peugeot 504 zilikimbia kati ya Kisumu na Nairobi, na magari madogo yakafungua njia za Bondo, Siaya, Ahero, Kendu Bay na Maseno. Saa ya kuondoka haikuandikwa popote. Kulikuwa na sheria moja tu: gari likijaa, twende.

Sheria hiyo ilikuwa na ufundi wake. Vijana walilipwa kukaa vitini ili gari lionekane limekaribia kujaa, na abiria wa kweli walipoingia wakashuka mmoja mmoja. Katikati ya viti palilazwa ubao uliojulikana kama sambaza ili apatikane abiria wa ziada. Mtu alingoja saa moja, mara nyingine mbili. Lakini aliyekuja hakurudishwa nyumbani. Nafasi ilipatikana, hata kama ni ya kukaa upande mmoja.

Mfumo huu uliendana na maisha ya watu wa ziwani. Mvuvi hajui leo atauza nini kesho. Ziwa likichafuka, hakuna mbuta wala omena, na mwezi ukiwaka sana wavuvi wa omena hupumzika, maana wao huvua kwa taa gizani. Anayepata pesa jioni hufanya mpango jioni hiyo hiyo. Mchuuzi wa samaki, mwendesha bodaboda, kibarua wa mjengo, wote pesa zao huja kwa siku. Kwao kwenda matembezi bila kupanga hakukuwa uzembe. Ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo ya kwenda matembezi.

Jumapili ilikuwa na ramani yake. Watu walitoka kanisani wakaenda ufukweni kula samaki kwenye vibanda vya mabati vya Lwang'ni, vilivyodumu miaka mingi hadi vikabomolewa bandari ilipokuwa ikifufuliwa. Mteja hakuagiza meza. Aliongozwa hadi kwenye sinia, akaonyesha ngege aliyemtaka kwa kidole, bei ikapatanwa kwa jicho, samaki akaingia mafutani. Ugali ulipofika, watu watatu walikuwa wamekuwa sita, kwa kuwa jamaa walipita wakaitwa. Waliobaki na nauli walisogea hadi hifadhi ya Impala, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1992, watoto wakaone swala na simba. Wengine walikwenda Dunga kutazama mashua zikirudi.

Ziara za ukoo pia hazikutangazwa. Mtu alibisha hodi tu, na wenyeji wakakimbiza kuku. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na waliyasema kwa watu waliozoea mgeni asiyetoa taarifa.

Orodha isiyokuwa na majina

Tarehe 21 Mei 1996 ilionyesha upande wa pili wa mambo. Upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka na kuzama karibu na mwisho wa safari. Iliidhinishwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa.

Mamia ya watu walikufa, na mpaka leo hesabu zinatofautiana. Zinatofautiana kwa sababu waliokata tikiti za bei ya chini hawakuandikwa popote. Walisafiri bila kuulizwa jina, wakafa bila jina. Familia nyingi za upande wa Tanzania zilibaki kuthibitisha zenyewe kwamba mtu wao alipanda meli ile.

Yeyote anayetetea safari za ghafla hana budi kuutazama msiba huu ana kwa ana. Utaratibu wa kujaza mpaka basi, iwe melini au kwenye ubao wa sambaza, uliua watu. Kuhesabiwa ni sehemu ya heshima ya abiria, na kuwaacha maskini bila orodha kulikuwa dharau ile ile ya daraja la tatu la mwaka wa 1901.

Simu yashika usukani

Mageuzi yalikuja kwa mfululizo. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutekelezwa: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na idadi ya abiria iliyowekewa kikomo. Ubao wa katikati ukaondoka, nauli ikapanda, na kwa mara ya kwanza abiria wengi wakaambiwa, "Limejaa, ngoja lingine."

Kampuni za mabasi ya mbali zilikuwa zimeanza zamani kuandika nafasi. Karani wa ofisi ya basi alikuwa na karatasi yenye miraba iliyopigwa kwa rula, kila mraba kiti, na ndani yake jina kwa penseli ili aweze kulifuta. Abiria alifika siku moja mbele, akachagua dirishani au karibu na dereva. Penseli hiyo ilikuwa na huruma. Karani alijua nani hubuku bila kufika, na aliyekuja dakika za mwisho akilia msiba alipata mraba.

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, pesa zikaanza kutangulia abiria. Karatasi ya miraba ikahamia kwenye kompyuta, kisha kwenye simu, na huduma kama BuuPass zikauza tikiti za mabasi mengi mahali pamoja. Mei 2017 ikazinduliwa treni ya Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi, na baadaye tikiti zake zikauzwa kwa simu, kwa *639# na nambari ya kitambulisho. Familia ya Kisumu inayotaka kuona bahari Desemba hujifunza upesi kwamba anayeamua Desemba amechelewa. Treni ya Nairobi–Kisumu nayo ilirudi Desemba 2021, ikitoka Nairobi Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Aliyetaka kwenda Jumanne hakuwa na treni.

Covid-19 ilikaza fundo. Mwaka wa 2020 matatu zilipunguza abiria, na makanisa yalipofunguliwa Julai yaliruhusiwa waumini 100 kwa ibada ya saa moja. Watu wakaanza kujiandikisha hata kwenda kusali. Kisha, Juni 2023, serikali ikahamishia maelfu ya huduma kwenye mtandao wake wa eCitizen. Malango ya mbuga, Impala ikiwamo, nayo hayapokei pesa taslimu. Agosti 2025, katika michuano ya soka ya CHAN, mashabiki wasio na tikiti walilizidi nguvu lango la uwanja wa Kasarani, Nairobi, siku Kenya ilipoishinda Morocco 1-0. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, likapunguza mashabiki wa mechi ya Zambia hadi 27,000, wenye tikiti za kielektroniki pekee.

Kila hatua kati ya hizi ilikuwa na sababu, na nyingi zilikuwa nzuri. Abiria wa leo anajua kiti chake na saa yake. Mwanamke anayesafiri usiku na watoto hagombanii mlango tena. Fedha za mbuga hazipotelei mfukoni mwa mtu.

Lakini tazama ni nani aliyebaki nje. Kubuku kunadai simu yenye chaji, kitambulisho, pesa zinazoweza kulala wiki mbili bila kuguswa, na uhakika kwamba siku hiyo hutaitwa kazini. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anavyo vyote. Anayelipwa jioni hana hata kimoja cha uhakika. Madaraja ya reli yamerudi, ila safari hii hayakuandikwa kwenye behewa. Na burudani ndiyo hukatwa kwanza: mtu atajitahidi kubuku basi la kwenda mazishini, lakini hatabuku furaha asiyojua kama ataimudu.

Mji wenyewe haujasahau kujitokeza. Tarehe 18 Oktoba 2025, mwili wa mwanasiasa Raila Odinga ulipoletwa uwanja ule ule wa Mamboleo, watu walimiminika tangu usiku, wengi kwa miguu, kutoka Kondele, Nyalenda, Kibos na mbali zaidi. Hakuna aliyealikwa. Ilikuwa siku ya kilio, na si ya matembezi, lakini ilidhihirisha jinsi umma unavyouona uwanja huo: ni wao, na wana haki ya kuujia moyo unapowatuma.

Funzo la MV Bukoba na funzo la Piny Owacho yanaweza kukaa pamoja. Kilichohitajika melini ilikuwa majina yaandikwe na hesabu iheshimiwe. Jina linaweza kuandikwa mlangoni, dakika tano kabla ya kuondoka, sawasawa na lilivyoandikwa wiki mbili kabla. Kampuni za mabasi na Shirika la Reli zinaweza kuacha sehemu ya viti visiuzwe hadi siku ya safari. Mbuga na viwanja vinaweza kuwa na dirisha moja linalopokea noti ya mvuvi na kumwandika jina yeye na wanawe. Teknolojia iliyotufungia lango ina uwezo wa kuhesabu waliokuja leo vizuri kama inavyohesabu waliopanga juzi. Kisumu, mji ulioanza kwa kuwatengea wachache vitanda na kuwaacha wengi dirishani, una kila sababu ya kudai dirisha hilo libaki wazi.