Mkono Ndani ya Namba: Historia Fupi ya Kuandika Gitaa

Wapo wanaodhani kuandika muziki kwa namba kumeanza juzi. Historia inasema vingine. Safi al-Din al-Urmawi, aliyefariki Baghdad mwaka 1294, katika Kitab al-Adwar aliandika sauti za muziki kwa herufi, na urefu wa kila sauti kwa tarakimu. Udi ukafika Ulaya pamoja na jina lake, na mwaka 1507 huko Venice, Petrucci akachapa kitabu cha muziki wa ala hiyo. Mistari ilisimama badala ya nyuzi, na namba zikaonyesha pa kubana. Mtindo huo ndio tabulatura, na wapiga gitaa wanautumia hadi leo.

Tofauti ya tabulatura na nota za kawaida ni kubwa. Nota inataja sauti, lakini sauti moja ina makao mengi kwenye gitaa. Uzi wa kwanza ukiachwa wazi unatoa sauti ile ile ya uzi wa pili uliobanwa nafasi ya tano. Tabulatura inakuambia upige upi.

Hata hivyo, namba peke yake hazitoshi. Tazama 3, 2, 0, 1, 0, kuanzia uzi wa tano hadi wa kwanza. Hiyo ni kodi ya C (si ile inayolipwa serikalini). Namba hizo zikiandikwa moja baada ya nyingine, anayeanza huona sauti tano na kuhamisha vidole kila mara. Aliyezoea huona umbo moja: anabana vidole vitatu, anatuliza mkono wa kushoto, na wa kulia unachambua nyuzi.

Mfano mzuri kwetu Waswahili ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga (1930–1990), aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, sasa Likasi. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini msikilizaji huweza kudhani ni magitaa mawili. Mwaka 1961 na 1962, David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji wake kwa nota katika jarida la African Music. Kazi hiyo ilikuwa ya thamani, lakini mwaka 1979 John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, alifunga safari hadi Shaba akajifunze kwa Mwenda mwenyewe, na kwa Losta Abelo na Edouard Masengo. Kama karatasi ingetosha, safari hiyo ingekuwa ya nini?

Jambo hili linatuhusu hapa Samad Ash Shan. Wazee wetu waliorudi kutoka Afrika Mashariki, wengi baada ya 1970, walikuja na Kiswahili na nyimbo za taarab vichwani. Udi hauna vijiti vya kugawa shingo kama gitaa, kwa hiyo namba zitaeleza machache zaidi. Tukitaka kuzihifadhi nyimbo hizo, tuandike maneno na nota, lakini pia tukae mbele ya babu na bibi wanaozijua, tutazame mikono, tuwaulize. Mwenda alifikiwa akiwa hai. Wetu nao wapo, na nyumba zao si mbali.