"Huna Mfupa": Historia Fupi ya Hukumu Moja



Mwezi uliopita ami yangu aliyeko Muscat alinipigia simu, hata shikamoo yangu hakuingoja. "Mwanangu, wewe uliyesoma, niambie: mtu anaweza kuishiwa na mfupa?" Ami ana miaka 26 na meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Ya chini yanacheza, yanamchubua fizi, na kwenye harusi nyama anaitazama tu. Alikwenda kuuliza habari za meno ya kupandikiza. Daktari akatazama picha, akasema mfupa hautoshi, basi. Akarudi nyumbani.

Mimi si tabibu wa meno, kazi yangu ni historia. Lakini swali la ami ni la kihistoria kuliko anavyodhani, maana hiyo "hautoshi" haikuwa na maana moja miaka yote.

Kisa kinaanzia Lund, Uswidi, mwaka 1952. Daktari kijana, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa vidude vya titani. Alipotaka kuvitoa vikakataa, mfupa umeshavishika. Mwaka 1965, huko Gothenburg, alimtia Gösta Larsson skrubu nne za titani katika taya la chini. Hapa watu hupita haraka, nami naomba tusimame kidogo. Larsson alizaliwa na kasoro za taya na hakuwa na meno ya chini. Mgonjwa wa kwanza, basi, hakuwa na taya zuri la kufanyia majaribio. Skrubu zake zilimtumikia mpaka alipofariki mwaka 2006. Wenye fani walimdharau Brånemark kwa muda mrefu, hadi mkutano wa Toronto wa 1982 ulioandaliwa na George Zarb, mhamiaji kutoka Malta (nasi wahamiaji tujivunie kidogo).

Shida ilikuwa kwamba madaktari wengi walizoea kutaka mfupa wa urefu wa milimita 10 au zaidi. Na mfupa wa taya una tabia yake: jino likiondoka, ule ukingo uliolishika unakosa kazi na unaanza kuyeyuka. Antje Tallgren alifuatilia watu wenye meno ya bandia kwa miaka hadi 25, akachapisha matokeo mwaka 1972: mfupa hauachi kupungua, na taya la chini kwa mbele hupoteza kama mara nne ya lile la juu. Yaani anayeyahitaji zaidi meno ya kupandikiza ndiye aliyebakiwa na mfupa mchache. Ami kangoja miaka 26, na kungoja kwenyewe ndiko kulikomla.

Njia ya kwanza ilikuwa kuongeza mfupa. Brånemark na mwenzake Breine walieleza mwaka 1980 namna ya kuchukua mfupa sehemu nyingine ya mwili na kuujenga tayani. Kwa taya la juu, ambako uwazi wa sainasi hushuka meno ya nyuma yaking'oka, Hilt Tatum wa Alabama alianza miaka ya 1970 kuinua sakafu ya sainasi na kujaza mfupa chini yake, ingawa waliotangulia kuchapisha ni Boyne na James, 1980. Kazi nzuri, lakini ni kidonda cha pili, na miezi ya kungoja.

Njia nyingine ni kuukwepa upungufu wenyewe. Brånemark alibuni skrubu ndefu, milimita 30 hadi 52.5, zinazopita mpaka mfupa wa shavu, kwanza kwa waliopoteza taya la juu kwa saratani au ajali. Paulo Malo wa Lisbon alichapisha mwaka 2003 habari za meno yote ya chini kubebwa na skrubu nne, mbili za nyuma zikiinamishwa ili zisiuguse mshipa wa fahamu. Siku hizi zipo pia fupi za milimita 6.

Jambo moja madaktari hawalitaji mpaka uwaulize: unga wa kujazia mfupa mara nyingi hutokana na ng'ombe, na utando wa kuufunika mara nyingi hutokana na nguruwe. Masheikh wametofautiana, na mbadala upo, lakini mgonjwa ana haki ya kujua kabla hajalala kwenye kiti, si baada.

Turudi kwa ami. Mwaka 2002, mkutano wa wataalamu katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ulipendekeza kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, chaguo la kwanza liwe skrubu mbili za mbele za kuyashikilia meno ya kuvaa. Mbili tu! Na hapo mbele, baina ya mishipa ya fahamu, mfupa mara nyingi hubaki hata kwa wazee. Pengine daktari alikuwa akifikiria meno ya kudumu ya nyuma, na ami hakujua kuna swali jingine la kuuliza.

Nimemwandikia maswali manne kwenye karatasi, pamoja na la sukari yake, maana sukari isiyodhibitiwa huharibu kazi yote hii. Amekwenda kwa daktari wa pili, amepigwa picha ya pande tatu. Jibu ni Jumatano. Kaniambia nyama ya mbuzi ameshaiagiza, nikamwambia asubiri kwanza.

Wasalaam.