Mvua ya Mawe ya Kericho

Aliyekulia kwenye kambi za chai za Kericho anaijua mvua ya mawe kwa hesabu ya mshahara. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Mawe yakipiga robo saa tu alasiri, majani mawili na kichipukizi chake yamekwisha kuchanika, na siku kadhaa kikapu kinarudi chepesi. Mama alichuma huko miaka hiyo ninayoisimulia. Nimeona chakula cha nyumbani kikipunguzwa kwa sababu ya wingu moja, kwa hiyo siwezi kuwalaumu walioamua kulishambulia wingu lenyewe.

Hewa yenye unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda kwenye vilima vya Kericho na Nandi, na alasiri ngurumo huanza. Katika miaka ya 1960 zilihesabiwa huko zaidi ya siku 100 za mvua ya mawe kwa mwaka mmoja, idadi ambayo ni sehemu chache mno duniani zinaweza kuifikia. Mwaka 1967 wenye mashamba walileta marubani kutoka Marekani. Waliruka kuifuata dhoruba, wakachoma humo fataki zenye iodidi ya fedha, kemikali ambayo Bernard Vonnegut aligundua mwaka 1946 kwamba huanzisha barafu. Ndani ya wingu kuna matone yenye baridi kuliko nyuzi sifuri ambayo bado hayajaganda, kwa kukosa chembe ya kugandia. Zikimwagwa chembe nyingi, maji yaleyale hugawanyika kwa mawe mengi madogo, na madogo huyeyuka kabla ya kuifikia michai.

Mama alizisikia ndege hizo juu ya mawingu. Hakuna aliyemweleza zilikuwa zinafanya nini.

Ripoti za waliofanya kazi hiyo zilisema hasara ilipungua sana. Natamani iwe kweli. Lakini dhoruba hazifanani, na dhoruba iliyokwisha kumwagiwa kemikali haiwezi kurudiwa bila kemikali ili tuone tofauti. Ugumu huo umeiandama kazi ya kubadili hali ya hewa tangu ianze.

Kisha likaja jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Mwaka 1982 Russell Schnell na Suan Neo Tan-Schnell walichapisha utafiti kuhusu takataka za majani yanayooza chini ya michai ya Kenya: vipande vyake huanzisha barafu kwenye baridi ya nyuzi chache tu chini ya sifuri. Vumbi hilo huinuka, pengine hata kwa miguu ya wachumaji, likachukuliwa na hewa inayopaa. Huenda basi, kwa chembe chache zinazokua kuwa mawe makubwa, shamba lenyewe lilikuwa likilisha mawingu yaliyoliharibu, miaka mingi kabla ya ndege yoyote kufika.

Ninakumbuka hayo ninaposoma kuhusu uhandisi wa tabianchi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 ulirusha juu angani takriban tani milioni 15 za dioksidi ya salfa, na dunia ikapoa kwa karibu nusu digrii kwa muda wa mwaka hivi. Mwaka 2006 mwanasayansi Paul Crutzen aliandika kwamba inafaa kuchunguza kama binadamu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa makusudi. Ahadi ni ya kweli: joto lingeshuka haraka. Lakini bahari ingeendelea kuchachuka kwa kaboni, na mvua zingeweza kubadilika. Kericho, ndege zikiacha kuruka, hurudi mvua ya mawe tu. Salfa ikiachwa ghafla huku kaboni imeendelea kurundikana, sehemu kubwa ya joto lililozuiwa hurudi kwa haraka.

Mapema mwaka 2024, huko Gigiri, Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilijadili pendekezo la Uswisi la kuunda kundi la wataalamu kuhusu mbinu hiyo. Nchi za Afrika zilishikilia isitumike. Pendekezo likaondolewa bila maafikiano. Nasimama na Afrika katika hilo, maana masika yakiharibika kwa salfa iliyomwagwa na nchi ya mbali, mchumaji wa Kericho hana leo ofisi hata moja ya kupelekea dai lake, wala njia ya kuthibitisha kwamba wingu lake liliguswa.